Mkwe Mlangoni mwa Basi

Nimechoka na milango. Si milango ya nyumba, hiyo naimudu. Nasema milango ya mabasi. Mtu mwenye miguu yake miwili mizima hajui hata kama basi lina mlango. Yeye anaona basi, anapanda, anakaa, anaanza kulalamikia joto. Mimi basi nalianzia chini, pale kwenye ngazi ya kwanza, na siku nyingi safari yangu imeishia hapohapo.

Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa bado nanyonya. Mama yangu alikuwa akisema nililala mzima, nikaamka na homa, na homa ilipoondoka iliondoka na mguu. Tangu hapo natembea kwa magongo. Sisemi haya ili nionewe huruma. Huruma nimelishwa tangu utotoni hadi nimeikinai. Nasema ili ujue ni nani huyo anayesimama kando ya barabara asubuhi, huku kwetu Kibingo, akingoja Kosta ya kwenda Kayanga.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu ni ya kuzungusha kwa mkono, maana ya miguu siiwezi. Nashona sare za shule, magauni ya kwaya, na mapazia ya watu wanaojenga nyumba za bati jipya. Vitambaa na nyuzi viko Kayanga. Bila basi sina kazi, na bila kazi mimi si fundi tena, ni yule mlemavu wa pale kwenye kona. Pikipiki hunifikisha barabarani tu. Mwendo mrefu mguu mmoja hauwezi kunizuia nisiteleze. Niliwahi kujaribu, nikaishia mtaroni nimevunjika mkono. Basi asiniambie mtu, "Si uchukue bodaboda?" Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kosta yetu imeinuliwa ili isigonge mawe, na ngazi yake ya kwanza inanipita goti. Zamani pembeni mwa mlango palikuwa na bomba, lile la chuma analoshika abiria akipanda. Lilikatika. Yamebaki mapande mawili, moja juu na moja chini, yenye kutu, kazi yake kuchana nguo za watu. Kila siku tunaambiwa litachomelewa. Waitu, jamani, tunangoja.

Halafu wakaja watu wa mikutano, wakabandika karatasi ya kunata juu ya dirisha la mbele: kiti hiki ni cha wazee na watu wenye ulemavu. Nikaisoma nikacheka peke yangu. Kiti ninacho. Mlango ndio sina.

Sijui kama umewahi kuona mtu kama mimi anavyopandishwa. Mmoja anatangulia juu, mmoja anabaki chini. Wa juu anakuvuta kwapani, wa chini anakusukuma, na anakosukuma sisemi. "Mzigo huo! Pokea!" Magongo yanarushwa ndani yanagonga vichwa vya watu. Gauni linapanda. Hakuna aliyekuuliza umshike wapi au akushike wapi. Ukishatua kwenye kiti unajifunika, unatazama nje ya dirisha kana kwamba kuna kitu cha kutazama, na basi linaondoka.

Siku moja niliona wanavyompandisha mzee mmoja aliyekuwa mwalimu. Nusu ya abiria walikuwa wamepita mikononi mwake wakijifunza kusoma. Walimnyanyua kwapani vilevile, kofia ikaanguka, ikakanyagwa. Alipokaa akasema, "Asanteni sana." Loo! Asante! Ile asante iliniuma kuliko kile kisukumo chenyewe, kwa sababu nilijua nami huwa naisema.

Ndipo akaja konda mpya. Kijana wa Bweranyange, mrefu, mkimya, sweta lake la kijivu halimtoki hata jua liwake vipi. Siku ya kwanza alishuka, akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, mama. Nikusaidieje?"

Nilidhani ananidhihaki. "Usinibebe!" nikamfokea.

"Sikubebi. Niambie tu nisimame wapi."

 Swali hilo sikuwahi kuulizwa. Nikamwonyesha kwa gongo. Akakanyaga ngazi kwa mguu mmoja, akakaza mkono wake sambamba na mlango, pale lilipokuwa bomba, akatulia. Nikaushika ule mkono, nikajivuta mwenyewe, polepole, na dereva akapiga honi apendavyo. Kijana hakuninyanyua hata kidogo. Alisimama tu; aliyepanda ni mimi.

Baadaye nilimuuliza amejifunza wapi. Akasema bibi yake aliyemlea alikuwa na miguu mibovu. "Hakupenda kushikwa, mama. Alipenda kushika."

Basi nikarudi kuwa mtu wa safari. Nilikwenda Kayanga kila nilipoishiwa nyuzi, na siku nyingine nilikwenda nyuzi zikiwepo. Nilikuwa na duka nililozoea kununulia vitambaa pale sokoni, la mzee mmoja Mwislamu, asili yake pwani, baba yake alikuja huku na biashara na hawakurudi tena. Akiniona tu anatoa kiti barazani. "Karibu, bi mkubwa, leo umekuja na miguu ya nani?" Utani wake huo. Namwambia nimekuja na mkono wa konda. Anacheka, anaagiza kahawa.

Sasa sikiliza nilivyojiroga mwenyewe.

Nina binti mmoja. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, nikamlea kwa cherehani. Asubuhi za safari yeye ndiye aliyenibebea kapu hadi barabarani. Mimi nikawa namsifu konda kila siku nyumbani: kijana ana adabu, kijana ana subira, kijana kalelewa. Nasifu wee, mwenzangu ananisikiliza ameinamisha kichwa kwenye sufuria ya ndizi. Kumbe konda naye alikuwa akinipa mkono huku macho yake yako kwenye kapu, na sikosei nikisema hayakuwa kwenye kapu.

Wazee wa Bweranyange walikuja kuposa. Walikuja na pombe ya ndizi na maneno mazuri, wakaketi, wakapewa kahawa ya kutafuna kama desturi. Shemeji yangu aliyesimama mahali pa marehemu aliniuliza mbele ya wote, "Mama, kijana huyu unamjua?"

"Namjua," nikasema. "Hata mkono wake naujua."

Watu wakacheka, vigelegele vikapigwa. Nilikubali kwa moyo mweupe. Pale ndani kila mmoja aliona harusi, na hakuna hata mmoja, mimi nikiwa wa kwanza, aliyeliona basi.

Kwa sababu kwetu kuna ukwe, nasi tunauita obuko. Mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawashikani mikono. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anampisha mwenzake. Wakiwa na la kusemezana wanatafuta mtu wa kulipitishia. Najua, siku hizi wengi wameacha. Wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana, wanazituma kwenye simu. Lakini wale wa Bweranyange ni watu wa kushika mila, na mimi pia.

Safari yangu ya kwanza baada ya harusi nilisimama barabarani kama kawaida. Kosta ikaja, ikasimama, mlango ukafunguka, mkwe wangu akaruka chini. Akaniona. Alibadilika uso, akajifunika kwa kofia, akatimua mbio hadi nyuma ya basi.

"Konda!" dereva akaita. "We konda! Amekwenda wapi huyu?"

Bibi mmoja ndani ya basi alielewa kabla ya wote. "Mwacheni! Kamwona mkwe!" Basi zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, kwa nini nisicheke? Mwanamume mzima amejibanza nyuma ya tairi kwa ajili yangu. Nilicheka mpaka nilipoitazama ile ngazi.

Wakashuka wanaume wawili. "Mzigo huo! Pokea!"

Nikiwa hewani, gauni limefika nisikotaka lifike, nilimsikia huko nyuma akipiga kelele bila kujitokeza. "Taratibu, jamani! Mshikeni taratibu!" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. Nami siku hiyo sikusema asante kwa mtu.

Nikapunguza safari. Nyuzi nikawa naagiza, wananiletea rangi siyo. Naagiza bluu ya shule, inakuja bluu ya baharini. Magauni ya kwaya yalikwama, mwenyekiti wao akapeleka kazi kwa fundi wa Nkwenda. Nilikaa na mashine yangu nikaona siku zinavyokuwa ndefu mtu akiwa hana pa kwenda. Nilichoka. Si uchovu wa kazi, huo ukilala unaisha. Ni ule wa kuona jambo dogo limekushinda, nawe unajua ni dogo.

Binti yangu alikuwa amehamia Kayanga, wamepanga chumba karibu na stendi. Alikuja kunitazama, tumbo limeshaanza kuonekana, akanikuta nimekaa tu.

"Mama, haya mambo ya kale yatakumaliza. Ukimshika mkono mume wangu, atakufa? Ulikuwa unamshika!"

"Nilikuwa namshika konda."

"Si ni yeye yule?"

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia, wala sikujua kama ninayo. Nilimwambia: tangu nizaliwe watu wananishika wanavyotaka. Wananinyanyua, wananisukuma, wananiweka, wananihamisha kama gunia la mahindi. Kanisani wananihamisha benchi bila kuniuliza. Wewe ulipozaliwa manesi walinishangaa, wakaulizana mbele yangu huyu naye nani kamfanya hivi. Lakini nilikuzaa, nikakulea, nikakuoza. Na siku ile mumeo alipokimbia nyuma ya basi, mwanangu, alinikimbia kama wanaume wanavyowakimbia mama wakwe wengine wote. Kwa mara ya kwanza mtu amesema mwili wangu haushikwishikwi. Sasa heshima hiyo niitupe kwa ajili ya ngazi?

 Alichukua kipande cha kitambaa akawa anakikunja na kukikunjua.

"Na mimi nikijifungua?" akauliza. "Mimi sina dada, mama. Sitaki mtu mwingine aniogeshee mtoto. Nataka nikifumbua macho nikuone wewe."

 Alirudi Kayanga na basi la mchana, akapanda mwenyewe, miguu yake miwili na tumbo lake, nami nikabaki barabarani namtazama.

Sijui alimwambia nini mumewe. Najua tu kwamba baada ya muda mfupi Kosta iliacha njia yake, ikasimama mbele ya nyumba yangu bila mimi kuisimamisha. Mkwe wangu alishuka ameinamisha uso, akaweka chini kigoda cha mbao mbele ya mlango wa basi, kisha akaenda zake nyuma ya gari.

Nikakikaribia, nikakigusa kwa gongo. Kikayumba.

"Mwambieni mkwe wangu," nikawaambia abiria, "hiki ni cha kutagia kuku?"

"Mwambieni mama nitakirekebisha," sauti ikajibu kutoka nyuma.

"Anasema atakirekebisha," abiria mmoja akanipitishia, uso mkavu kabisa.

"Nimesikia, mimi si kiziwi! Mwambieni kiwe kipana. Na kiwe na daraja mbili, siyo moja. Na chini apigilie mpira wa tairi kisiteleze."

"Mwambieni mama nimeelewa."

"Anasema ameelewa."

Kilirudi kipana, cha mbao ya mkaratusi, daraja mbili, na mpira chini. Niliweka gongo, nikaweka mguu, nikashika ukingo wa mlango. Daraja ya kwanza. Ya pili. Kisha ngazi ya basi, ambayo sasa ilikuwa ngazi kama ngazi nyingine. Nikaingia. Nilikuwa mtu mzima, mama mkwe wa watu, na nilikuwa nimepanda basi peke yangu kwa mara ya kwanza maishani. Nililia. Waliponiuliza nikasema vumbi.

Kile kigoda kilipata watu wake. Wajawazito, akina mama waliobeba watoto mgongoni, mzee mmoja mwenye ngiri aliyekuwa akipanda huku amejishika tumbo. Yule mwalimu mzee alikipanda taratibu, kofia yake kichwani, akakaa, hakumshukuru mtu. Aligeuka tu akaniambia, "Leo nimepanda." Nikamwelewa. Hata vijana wakawa wanakikanyaga, hawajui ni cha nani wala kimetoka wapi, na kigoda kikiwa hakipo wananuna.

Yule mzee wa duka la vitambaa nilimsimulia yote. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Ajabu yenu nyinyi. Kwetu pwani mkwe anambusu mkono mama mkwe. Lakini bi mkubwa, wakwe zetu wote hao na mabusu yao, hakuna aliyemchongea mtu kigoda."

Aisifuye mvua imemnyea, na yupo ambaye haikumnyea. Mwenye basi alipokuja kukagua gari lake alikuta kigoda kimekaa karibu na mlango, mahali ambapo angekaa gunia. Akauliza cha nini. Akaelezwa. Akasema basi lake si zahanati, na tena kinachelewesha gari, kila kituo wazee wanapanda kama maharusi. Akakishusha. Nasikia kiko kwenye yadi yake, mlinzi wa geti anakikalia. Sikushangaa, na hilo ndilo linalonichosha zaidi, kwamba sikushangaa.

Simu ilikuja asubuhi, msimu wa kahawa. Jirani wa binti yangu alisema uchungu umeanza, wamempeleka hospitali, na ananiita. "Anasema, mwambieni mama aje. Anarudia hilo tu."

Nilifunga kanga, mwenye pikipiki akanifikisha barabarani. Nilikuwa nimevaa gauni langu refu kuliko yote. Kosta ilikuja imejaa magunia ya kahawa hadi kwenye njia ya kati. Mlango ukafunguka, mkwe wangu akashuka. Safari hii hakukimbia. Nadhani hakuwa na nguvu. Habari alikuwa nazo. Alikuwa amezipata akiwa ameshatoka Kayanga, na njia ya kurudi kwa mkewe ilikuwa hiihii, pamoja nasi. Alisimama ameinama, rangi imemtoka.

Wanaume wawili wakashuka. "Haya, mzigo..."

"Acheni!" nikawafokea. Wakaacha. Nikapumua. Nilikuwa nimeshaamua nikiwa juu ya pikipiki, na moyo ulikuwa umeniuma njia nzima. Mwanangu ananiita. Heshima nitaipeleka wapi mwanangu akifumbua macho asinione?

"Mwambieni mkwe wangu," nikasema, "mama anaomba mkono."

 Wale wenye umri walijua nimesema nini. Bibi mmoja aliyekaa dirishani alimgeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama yako anaomba mkono."

Mkwe wangu hakuinua uso. "Mwambieni mama siwezi," akasema. "Mwambieni ananiomba kwa sababu amebanwa. Mtu akibanwa hanyang'anywi heshima yake."

Hakuna aliyenipitishia. Hawakuweza, na haikuwa lazima.

Akaingia ndani. "Magunia haya ni ya nani?" Mtu mmoja akasema ni yake. "Naomba." Yule bwana akasema chukua, mwanangu, chukua. Akashusha gunia moja akalilaza chini mbele ya mlango. Akashusha mawili akayalaza kati yake na ngazi, moja juu ya jingine. Akayapiga kwa kiganja yatulie, akaenda nyuma ya basi. Dereva akapiga honi, abiria wakamzomea dereva. Nikapanda juu ya kahawa ya watu, punje zikinilalamikia chini ya magongo, nikaingia, nikakaa kwenye kile kiti changu chenye karatasi ya kunata.

Njia nzima sikuwaza kushuka. Akili ilikuwa hospitalini. Kwenye kituo cha Omurushaka wakashusha magunia yote, kahawa ikauzwa huko, nami nikatazama yanavyopita mlangoni bila kufikiri lolote.

Tulipofika stendi ya Kayanga watu walishuka kama kawaida yao, wakipishana mbio. Dereva naye akashuka. Nilifika mlangoni nikatazama chini. Hakukuwa na gunia, hakukuwa na kigoda, na ndani ya basi hatukubaki wengine ila mimi na mkwe wangu. Kwetu hilo lenyewe ni aibu: mkwe na mama mkwe, peke yao, chini ya paa moja.

Wapagazi wa stendi wakaja mbio. "Konda, kuna mzigo?"

"Hapa hakuna mzigo," akasema. "Nendeni."

Wakaenda. Nilitaka kuwaita warudi, wanibebe wanavyojua, basi yaishe. Nilikuwa nimechoka mno. Nilifungua mdomo.

Akavua lile sweta lake la kijivu. Akaliviringisha kwenye mkono wake, kuanzia begani hadi kwenye vidole, pasibaki ngozi inayoonekana, akafunga mikono ya sweta kwa meno. Akashuka ngazi moja, akanigeuzia mgongo, uso wake akautazamisha sokoni. Kisha akaunyoosha ule mkono pembeni mwa mlango, kati ya yale mapande mawili yenye kutu, akaukaza.

"Shika bomba, mama," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu wazee wake walipokuja kuposa. Alilisema akiliambia soko.

Nikashika. Chini ya sufu nilihisi mfupa na msuli. Niliegemea kwa uzito wangu wote, sikumhurumia, nikateremsha gongo, nikateremsha mguu, nikafika chini. Nilipoachia hakugeuka. Nami sikumtazama. Sikusema asante. Nani anashukuru bomba?

Nilimkuta binti yangu ameshajifungua, amelala na jasho lake, mtoto kafungwa kwenye kitambaa nilichokishona mimi. Alifumbua macho akaniona. Alinitazama tangu kichwani hadi kwenye magongo, kisha akakumbuka.

"Mama, umeshukaje? Kigoda si walikitoa?"

"Nimeshika bomba."

"Bomba gani? Lile basi halina bomba."

"Sasa linalo."

Nilimwona akihesabu mambo kichwani, akimfikia mumewe, kisha akageuza uso ukutani, mabega yakamtikisika. Nikamwacha alie. Nilipoona imetosha nikamwambia anipe mtoto wangu, nimechoka kusimama.